Toleo la chini, la kati au la juu: vifaa vya kumsaidia dereva vina uzito gani?

*“Natafuta sedani ya ukubwa wa kati na nimebakiwa na gari moja lenye matoleo matatu: la chini, la kati na la juu. Injini ni ileile. Muuzaji ananisukuma nichukue la juu kwa sababu, kwa maneno yake, ‘linajiendesha lenyewe barabara kuu.’ Nimesoma orodha za vifaa mpaka macho yameuma, na kila ukurasa unakuja na vifupisho vyake. Kazi yangu ni ya safari ndefu, nyingi zikiwa za usiku. Tena kijana wangu ndiyo kwanza amepata leseni, naye ataliendesha. Kwa fedha nilizonazo naweza kupata la kati jipya, au la juu lililokwisha kutumika miaka mitatu. Hivi vifaa vya kumsaidia dereva vinafanya kazi kweli, au ni mapambo? Na nichukue lipi?”*

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Chukua la kati jipya, mradi uhakikishe mambo mawili kabla hujasaini chochote. Kwanza, liwe na rada za kona za nyuma, zile zinazokuonya kwamba kuna gari ubavuni mwako. Pili, taa zake za mbele ziwe zilezile za toleo la juu, au zikaribiane nazo sana. Ukikosa kimojawapo ushauri wangu unabadilika, nitafika huko.

Ninavyokusoma, una hofu mbili. Unaogopa kulipia urembo, na papo hapo unaogopa kwamba ukibana matumizi utamnyima kijana wako kitu ambacho siku moja kingemwokoa. Zote zina msingi. Ila vile vifaa vyenye ushahidi mkubwa zaidi wa kuokoa watu, kwa kawaida havimo katika ile fedha ya ziada unayoombwa kwa ajili ya toleo la juu. Siku hizi vimo katika matoleo yote, hata la chini kabisa. Kinachotenganisha matoleo ni vitu vingine, vichache vikiwa vya maana na vingi vikiwa vya starehe.

Tummalize muuzaji kwanza. Sedani ya aina unayoitafuta haijiendeshi. Chama cha wahandisi cha SAE kiligawa uwezo wa magari katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, na magari haya, hata yakiwa na kila kifaa kilichomo kwenye orodha, yako ngazi ya 2. Maana yake ni kwamba gari linaweza kushika usukani na kurekebisha mwendo kwa wakati mmoja, lakini dereva ni wewe tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho. Macho yako yawe barabarani, mikono iwe tayari, na likitokea la kutokea, mhusika ni wewe. Mwaka 2024 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilipima mifumo 14 ya namna hii. Haikuwa inapima jinsi gari linavyokata kona vizuri. Ilichotaka kujua ni kama mfumo unamfuatilia dereva kuhakikisha bado yuko macho na anaangalia mbele. Mifumo 11 ilipewa daraja la chini kabisa, na ni mmoja tu, wa Lexus, uliofika daraja la “unakubalika.” Kwa hiyo mtu akikuambia gari linajiendesha, anakutajia uwezo ambao gari halina.

Sasa tuingie chini ya bati, maana ukielewa gari linaona kwa kutumia nini, utaweza kusoma orodha yoyote bila kutishwa na vifupisho.

Juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, kuna kamera. Hii ndiyo inayosoma mistari ya barabara, vibao vya mwendo, taa za magari mengine, umbo la mtu au baiskeli. Kwenye grili au nyuma ya nembo ya mbele kuna rada. Rada haisomi rangi wala maandishi, ila inapima umbali na kasi ya kilicho mbele kwa usahihi mkubwa, na giza haliisumbui. Kampuni nyingi huunganisha hivi viwili; Subaru kwa miaka mingi imetegemea kamera mbili zilizokaa sambamba, kama macho ya binadamu, kupima umbali. Kisha kuna rada ndogo mbili zilizofichwa ndani ya kona za bampa la nyuma. Mwisho ni vile vitobo vya duara kwenye bampa, sensa za sauti, zinazofaa kwa mita chache tu wakati wa kuegesha.

Kamera na rada ya mbele zikishafungwa, kazi nyingi zinatoka humohumo: onyo la kugonga, breki ya dharura inayojikanyaga yenyewe, onyo la kutoka kwenye leni, usukani kukurudisha ndani ya leni, taa kujishusha zenyewe gari likija, kruzi (kushika mwendo bila wewe kukanyaga mafuta) inayofuata gari la mbele. Vyote hivyo ni programu zinazotumia macho yaleyale. Ndiyo maana kampuni imeona haina hasara kubwa kuvitoa kwa matoleo yote. Rada za nyuma ni vifaa vingine, na nyaya zake ni nyingine. Hapo ndipo matoleo yanapoachana. Honda Accord ya mwaka 2018 iliyouzwa Marekani ilikuwa na mfumo wa mbele wa Honda Sensing katika matoleo yote, lakini onyo la ubavuni lilianzia toleo la EX. Toyota Camry ya mwaka huohuo ilikuwa na hadithi inayofanana: mfumo wa mbele kwa wote, rada za nyuma za kawaida kwa matoleo ya juu ya XLE na XSE tu. Masoko yanatofautiana, kwa hiyo usiichukulie mifano hii kama orodha ya gari lako. Chukua mantiki yake: mbele ni sawa, angalia nyuma.

Breki ya dharura inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndicho kifaa ningekataa kununua gari bila kuwa nacho. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa unakata karibu mita 28 kila sekunde. Dereva mzima, aliyelala vizuri, akishtushwa hutumia kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kuhamisha mguu. Hizo ni mita 42 kabla breki haijaguswa. Kompyuta haina kushtuka. Kwanza inapiga kelele, kisha inaandaa breki ili ukizigusa zishike kwa nguvu zote, na usipozigusa inazikanyaga yenyewe. Si lazima lisimame kabisa ndipo lisaidie. Gari lililokuwa na mwendo wa 60 likipunguzwa hadi 40 kabla ya kugonga limekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mgongano, kwa kuwa nguvu hiyo huenda kwa mraba wa mwendo. IIHS ilipolinganisha magari yenye breki hii na yasiyokuwa nayo, ajali za kugonga gari la mbele kwa nyuma zilikuwa pungufu kwa nusu. Kwa kifaa kimoja, sijui kingine cha karibuni kinachokaribia hapo.

Lakini wewe husafiri usiku, na hapa nataka unisikilize vizuri. Taasisi hiyohiyo ilikuta kwamba breki zinazotambua watembea kwa miguu zilipunguza ajali za kuwagonga kwa asilimia 27. Walipochambua ajali za gizani, kwenye barabara zisizo na taa, hawakuona tofauti yoyote kati ya magari yenye kifaa na yasiyo nacho. Sababu ni kwamba rada inajua kuna kitu, lakini kazi ya kusema “huyu ni mtu” hubebwa zaidi na kamera, nayo kamera inahitaji mwanga. Mwanga huo unatoka kwenye taa zako.

Kuna udhaifu mwingine unaowahusu wasafiri wa usiku: gari lililosimama. Rada hupima kasi ya kitu kukilinganisha na wewe. Kwa rada, kibao cha barabara, ukingo wa chuma, daraja la juu na lori lililoharibika katikati ya njia vyote vinakuja kwa kasi moja, yaani kasi yako wewe. Kama gari lingefunga breki kwa kila kimojawapo, usingefika popote. Basi mifumo mingi, hasa ya miaka iliyopita, hupuuza vitu ambavyo haijawahi kuviona vikitembea. Hali mbaya kuliko zote ni hii: unafuata gari kwa kruzi, gari hilo linakwepa ghafla, na mbele yake kuna lori limesimama bila taa. Kitabu cha gari huandika onyo hili waziwazi, katika zile kurasa ambazo hakuna anayezifungua. Mifumo mipya ni bora zaidi kwa kuwa kamera inathibitisha kile rada inachokishuku, ila udhaifu haujaisha.

Kwa hiyo taa. Watu wakilinganisha matoleo wanahesabu spika na ukubwa wa skrini. Wewe hesabu taa. Gari moja linaweza kutoka na balbu za halojeni katika toleo la chini na taa za LED katika la juu, na tofauti ikawa kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 2016 IIHS ilianza kupima taa za mbele barabarani usiku, na kundi la kwanza lilikuwa magari 31 ya ukubwa wa kati. Ni moja tu lililopata daraja la juu, Toyota Prius v, nalo lilipata kwa taa za LED zenye kujibadilisha zenyewe kutoka fuli kwenda dimu. Prius v hiyohiyo yenye halojeni ilipewa daraja la chini kabisa. Katika jaribio hilo, taa bora zilimpa dereva wa kasi ya kilomita 112 kwa saa nafasi ya kuona kizuizi upande wa kulia wa barabara na kusimama. Taa mbaya kuliko zote, za halojeni za BMW 3 Series, zingemtaka asizidi kilomita 56. Bei kubwa ya gari haikuhusiana na mwanga. Tangu hapo hali imeboreka sana, na magari mengi ya sasa huja na LED katika matoleo yote, lakini hata LED hazilingani: kioo kinachoelekeza mwanga na urefu zilipotegeshwa vinaweza kuziharibu. Nenda kaliangalie gari usiku. Muuzaji akikuambia kwamba majaribio hufanyika mchana tu, mwambie na wewe unalipa mchana tu.

Rada za nyuma nimezitaja kama sharti, nawe una haki ya kuuliza kwa nini, ilhali faida yake kitakwimu ni ndogo kuliko ya breki. Ni kweli: onyo la ubavuni limepunguza ajali za kubadili leni kwa asilimia 14 tu katika hesabu za IIHS. Nazing’ang’ania kwa sababu ya kijana wako. Dereva mpya huangalia kioo cha pembeni, asione kitu, akahama. Hajajenga tabia ya kugeuza shingo. Isitoshe, rada hizohizo hufanya kazi ya pili: ukirudi nyuma kutoka kwenye maegesho zinakuambia gari linakatiza nyuma yako wakati wewe umezibwa na magari mawili ya jirani. Baadhi ya magari huongeza breki ya kurudi nyuma, na hii pamoja na kamera na sensa za kuegesha imepunguza ajali za kurudi nyuma kwa asilimia 78. Nyingi za ajali hizo ni za kukunja bati, sawa, ila huko nyuma ndiko wanakocheza watoto pia.

Kruzi ya kufuata gari la mbele ina swali moja tu la kumuuliza muuzaji: gari la mbele likisimama kabisa, hili litasimama lenyewe? Kuna zile zinazojizima mwendo ukishuka karibu na kilomita 40 kwa saa na kukuachia breki ghafla, na kuna zinazofuata hadi kusimama. Kwa mwenye safari ndefu, hizi za pili ni raha ya kweli na hupunguza uchovu. Wakati mwingine toleo la chini hupewa ile ya kwanza na la juu hupewa ya pili, kwa jina lilelile. Ukishaipata, iweke kwenye nafasi ndefu kuliko zote. Watu huifupisha kwa sababu magari mengine yanachomeka mbele yao. Waache wachomeke.

Kushikilia leni sitakutajia kwa mapenzi makubwa. Kamera inatafuta rangi barabarani. Rangi ikififia, mvua ikiwaka kwa taa za wanaokuja, au jua la jioni likipiga kwenye kioo, inapoteza mstari, na mara nyingi inaupoteza kimyakimya: alama ya kijani inageuka kijivu, basi. Faida yake ipo kwa aliyesinzia au aliyeinamia simu. Lakini yule aliyesinzia anahitaji kusimama na kulala, na hapo hakuna toleo litakalomfaa.

Nilisema kuna tofauti nyingine ambazo orodha haikuambii kwa sauti. Kubwa ni rimu. Kadiri toleo linavyopanda, rimu zinakua na ukuta wa tairi unapungua. Camry ya kizazi kilichoanza 2018 ilikuwa na tairi za 205/65R16 katika toleo la chini na 235/40R19 katika la juu. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ukuta kama asilimia ya upana huo. Piga hesabu: ukuta wa ile ya kwanza ni milimita 133, wa ile ya pili ni 94. Milimita hizo 39 ndizo zinazobeba shimo kabla halijafika kwenye rimu na mgongo wako. Tairi pana na nyembamba hushika kona vizuri zaidi kwenye lami kavu, sikatai, lakini ni ghali zaidi kubadilisha na rimu yake hupinda upesi. Mafuta nayo: kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Camry ya haibridi ya mwaka 2021 katika toleo la LE ilikwenda karibu kilomita 22 kwa lita, na matoleo ya juu yake yakashuka chini kidogo ya 20. Uzito wa vifaa nao umo katika hesabu hiyo, si rimu peke yake. Kwa anayekula barabara kama wewe, hiyo tofauti utaihisi kila unapojaza tangi.

Mengine ya toleo la juu nitayapitia haraka. Kamera za pande zote nne ni nzuri kwa maegesho finyu. Viti vinavyopoza ni starehe halali. Mwendo kuonyeshwa kwenye kioo cha mbele unafaa, hasa usiku, ukizoea. Paa la kioo hupunguza nafasi ya kichwa, na mengine sina la kusema juu yake.

Twende kwenye lile swali lako gumu zaidi, la kati jipya au la juu la miaka mitatu. Watu wengi hudhani toleo la juu daima lina “akili” zaidi. Katika vifaa hivi, mwaka wa kutengenezwa mara nyingi una uzito kuliko toleo. Tazama Toyota: Camry ya 2018 ilikuwa na kizazi cha kwanza cha mfumo wake, ya 2021 ikapata toleo jipya la mfumo lenye kutambua gari linalokuja mbele wakati unakata njia yake kwenye makutano, na ya 2025 ikapata kizazi cha tatu, tena katika matoleo yote. Maana yake gari la chini la 2025 linaona vizuri kuliko la juu la 2018. Miaka mitatu yaweza kuangukia upande mmoja wa mabadiliko hayo, au isiangukie. Ukikuta mfumo haujabadilika katika miaka hiyo, hoja yangu inapungua nguvu na la juu lililotumika linakuwa mpinzani wa kweli.

Shida ya lililotumika ni historia yake, na vifaa hivi vina kinyongo na historia. Kamera ikipinda nyuzi moja tu, kwa umbali wa mita 50 inaangalia karibu sentimita 87 pembeni ya inapopaswa kuangalia. Kwa mita 100 ni mita moja na sentimita 75, yaani karibu nusu ya leni. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe upya. Vilevile bampa likifunguliwa, shokomzoba zikibadilishwa, gari likiinuliwa, au alaimenti ikiguswa. Kazi hiyo hufanyika kwa mbao maalumu zilizopangwa mbele ya gari kwa vipimo, au kwa kuliendesha barabarani huku kompyuta ikijifunza, au kwa vyote viwili. Mafundi wengi wa vioo na bodi hawaifanyi. Kioo kinawekwa, gari linatoka, taa za onyo haziwaki, na kila mtu anaamini mambo ni sawa.

Ukiamua kulitazama hilo la juu, anza na kioo cha mbele: je, alama ya mtengenezaji na mwaka vinafanana na vioo vingine? Kikiwa tofauti, kilibadilishwa, nawe udai hati ya upimaji. Pitisha mkono kwenye kona za bampa la nyuma. Palipowekwa putty na rangi nene juu ya rada, rada inaweza kupungukiwa. Angalia kama kuna stika au tinti iliyofunika eneo la kamera. Washa gari na uhakikishe taa za onyo zinawaka kisha zinazimika. Ambayo haiwaki kabisa ni ya kushukiwa kuliko inayobaki inawaka, kwa kuwa kuna watu huzikata. Halafu liendeshe kwenye barabara yenye mistari mizuri uone kama alama ya leni inatokea, na mwache mwenzio apite polepole ubavuni uone kama taa ndogo ya kwenye kioo cha pembeni inawaka pande zote mbili.

Usijaribu breki ya dharura kwa kulielekeza gari kwenye ukuta, boksi au rafiki. Nalisema kwa sababu watu hujaribu.

Baada ya hayo ndipo unamhitaji fundi ana kwa ana, siyo mimi. Kabla ya kulipia gari lililotumika, lipeleke kwa fundi mwenye kompyuta inayosoma mifumo ya kampuni husika, maana ile mashine ndogo ya kusoma injini haifiki kwenye kamera na rada. Ataona hitilafu zilizohifadhiwa na kama vipimo vya kamera vilikamilika. Na baadaye, ukiwa nalo, rudi kwake bila kuchelewa ikiwa gari linafunga breki bila sababu, linavuta usukani mahali barabara imenyooka, au onyo la mbele linachelewa kuliko lilivyokuwa. Moja zaidi, lisilo la gari: kama usiku unaona taa za wanaokuja zikitapakaa na mistari ikipotea, nenda kwa daktari wa macho kabla ya kwenda kwa muuzaji.

Kuhusu kijana, mwachie maonyo yote yakiwa yamewashwa, ila kule kukaa katikati ya leni na kruzi ya kufuata ningevizima kwa mwaka wa kwanza. Maonyo humfundisha, vile viwili vinafanya kazi ambayo bado hajaijua, naye hatajua vinapokosea. Uliza pia kama gari lina ufunguo au mpangilio wa dereva mchanga. Chevrolet iliuanzisha kwenye Malibu ya 2016, nayo ni sedani ya ukubwa kama unaoutafuta: redio hailii mpaka mikanda ifungwe, na mzazi anaweza kuona mwendo wa juu uliofikiwa. Mwambie kijana kwamba upo. Ukimfichia, ni upelelezi.

Nilikuahidi kurudi kwenye masharti. Muombe muuzaji orodha ya vifaa kwa nambari ya chasi ya gari lenyewe, siyo ya kitabu cha matangazo, kwa sababu gari mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana kwa soko na kwa kifurushi. Uliza pia kama matokeo ya majaribio ya usalama wanayokuonyesha ni ya toleo hilo. Shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari Ulaya, kwa mfano, limewahi kutoa alama mbili kwa gari moja, moja bila kifurushi cha usalama na nyingine likiwa nacho. Ikionekana la kati halina rada za nyuma lakini zinaongezwa kiwandani kama kifurushi, lipia kifurushi. Kama haziongezwi, kuna vifaa vya ubavuni vya kufungwa baadaye vinavyofanya kazi kwa kiasi, tofauti na breki ya dharura, ambayo haiongezwi gereji. Taa ndizo hazina njia ya mkato: kuchomeka balbu za LED ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni hutapanya mwanga na kuwapofusha wenzako. Kwa hiyo toleo la kati likiwa na halojeni na la juu likiwa na LED nzuri, kwa mtu wa safari za usiku kama wewe, ningeacha upya wa gari uende. Ningechukua la juu la miaka mitatu lililopita mkononi mwa fundi, kisha ningeuliza kama linaweza kufungwa rimu ndogo za toleo la chini. Mara nyingi zinaingia, ila fundi athibitishe kwanza kwamba zinapita juu ya breki zake.